Shomoro wa Bi Sumie Wamekwenda Wapi?

Nyumbani kwa Mzee Yasuji Kanbe, wali wa kwanza wa asubuhi hauliwi na mtu. Bi Sumie, mkewe, hupakua kijiko kimoja katika kikombe kidogo cha shaba. Hukiweka mbele ya picha ya marehemu mama mkwe wake, ndani ya kabati la ibada. Hugonga kengele mara moja, hufumba macho, kisha huenda kupika supu ya miso, rojo la maharage ya soya.

Wali ukishapoa, Bi Sumie huushusha. Hautupwi, maana ni chakula kilichotoka kwa wazee. Huusuuza kwa maji ili usinate, hutoka nao barazani, na kuumwaga juu ya jiwe bapa lililo bustanini. Hapo shomoro walikuwa wanashuka kutoka kwenye paa, wakubwa kwa wadogo, wakisukumana na kutukanana kwa lugha yao.

"Mama alikuwa mkali kwa chakula," Yasuji alikuwa anasema. "Angewaona hawa wanamaliza wali wake, angefufuka."

Bi Sumie alikuwa anacheka. Kila asubuhi maneno ni yale yale, na kila asubuhi anacheka. Ndoa yao ilikuwa ya namna hiyo.

Yasuji alikuwa mchonga mawe. Mji wa Okazaki, huko Japani, una wachonga mawe wengi, na yeye alikuwa mmoja wa wanaosifiwa. Alichonga taa za mawe za bustani, alichonga makaburi, alichonga mabeseni ya maji ya mahekalu. Sifa yake kubwa ilikuwa kung'arisha. Jiwe likitoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Alipostaafu, mikono haikustaafu. Alisugua ngazi za mlango, alisugua bomba la bustani, alisugua hata jiwe la shomoro mpaka Bi Sumie akamwambia aliache, ndege wanateleza.

Kisha Bi Sumie akapata kiharusi.

Alikaa hospitali majira yote ya baridi. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa mzito na alitembea kwa mkongojo. Lakini jambo lililomtesa zaidi ni maneno. Yalikuwepo kichwani, aliyajua yote, ila hayakutoka. Lilitoka moja, akangoja, likatoka jingine. Dada Orie, mtaalamu wa tiba ya matamshi, alikuja kila wiki kumfundisha. Alimwambia azungumze kila siku, hata kidogo, maana ulimi usipotumika husahau njia.

Yasuji aliyasikia hayo, akaitikia. Lakini hakuweza kuvumilia kumwona mkewe akihangaika. Bi Sumie akifungua mdomo tu, Yasuji amekwisha kumletea chai. Kama hakutaka chai, analetewa blanketi. Kama hakutaka blanketi, anaulizwa kama kichwa kinauma. Mwisho Bi Sumie anatikisa mkono, kwamba basi, yaishe. Yasuji hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mno, ndiyo shida yenyewe.

Mahali pekee ambapo Bi Sumie alisema kwa raha ni barazani. Kila asubuhi alikaa na kikombe chake cha wali, akawaambia shomoro habari za siku. "Leo... mvua... haipo." Anapumzika, kisha anawapa habari za binti yake. "Rie... alipiga simu." Shomoro walikula, wakamtazama kwa jicho moja, wakala tena. Hawakumharakisha. Hawakumletea blanketi. Yasuji alikuwa akimsikiliza kutoka jikoni, akisimamisha hata maji ya bomba ili asipitwe na neno.

Kiangazi kilipofika, Yasuji aliamua kumtengenezea mkewe bustani nzuri kuliko zote mtaani.

Alianza na paa. Dhoruba ilikuwa imepasua vigae, kwa hiyo aliita mafundi wakaezeke upya. Kijana wa mafundi alimwonyesha matundu kwenye ukingo wa paa, pale kigae cha mwisho kinapopinda na kuacha nafasi. Alimuuliza kama ayazibe au ayaache.

"Ziba yote," alisema Yasuji. "Asipite hata sisimizi."

Siku hiyo Bi Sumie alitoka barazani, akamshika mumewe mkono wa shati, akanyoosha mkongojo juu kuelekea paa. Alijitahidi kusema. Yasuji alijua mara moja: kelele za mafundi zinamsumbua. Akamwingiza ndani taratibu, akamfungia mlango, akamwashia redio.

Baada ya paa ikafuata ardhi. Yasuji aling'oa majani yote, akatandika nailoni nyeusi ya kuzuia magugu, juu yake akamwaga kokoto nyeupe zilizooshwa. Ukipita, zinalia chini ya kiatu kwa sauti nzuri. Mwisho akageukia ua wa mikamelia, ile miti ya maua mekundu. Mikamelia hupata viwavi wenye manyoya, na nywele zao zikikugusa utajikuna wiki nzima. Yasuji aliogopa wasimguse mkewe. Akanunua dawa ya wadudu, akanyunyiza, na kila wiki akarudia.

Binti yao Rie alipokuja kutoka Nagoya, alipiga picha. Alisema bustani inafaa kuwekwa kwenye kalenda. Yasuji aliona haya, akajidai kukohoa, lakini usiku ule alilala na tabasamu.

Vuli ilipoingia, shomoro walipungua. Yasuji hakushtuka. Alimwambia mkewe kwamba wamekwenda mashambani kula mpunga kama kila mwaka, na baridi ikianza watarudi wenyewe na njaa yao. Bi Sumie alitikisa kichwa, na Yasuji hakujua anakubali au anakataa.

Mpunga ukavunwa. Umande ukaanza kuganda alfajiri. Shomoro hawakurudi. Wali wa mama mkwe ulikaa juu ya jiwe mpaka jioni, umekauka, na Yasuji akauzoa kwa siri ili mkewe asiuone.

Yasuji akafanya anachojua, yaani kuongeza. Aliweka mkate. Aliweka biskuti za mchele zenye chumvi. Aliweka keki iliyobaki kwenye sikukuu ya wajukuu. Walikuja, lakini si shomoro. Walikuja kunguru wawili wakubwa wenye kiburi, na nyuma yao kundi la njiwa. Kunguru mmoja alichukua sabuni ya kufulia ya jirani, na malalamiko yakafika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Bi Sumie akaacha kutoka barazani. Asubuhi alishusha wali, akausuuza, akauweka kwenye beseni la vyombo. Mlango wa baraza ukakaa umefungwa siku nzima.

Dada Orie aliligundua mapema kuliko Yasuji. Siku moja alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba maneno ya Bi Sumie yanarudi nyuma. Wiki zilizopita alikuwa anaunganisha matatu, manne. Sasa ni moja, tena kwa kubembelezwa. Aliuliza kama kuna kitu kimebadilika nyumbani.

"Hakuna," alisema Yasuji. "Nyumba ni nzuri kuliko zamani."

Dada Orie akamgeukia Bi Sumie. "Bi Sumie, kwa nini siku hizi huongei?"

Walingoja sana. Yasuji alifungua mdomo ili amsaidie, Dada Orie akamnyamazisha kwa jicho.

"Hakuna... wa kumwambia," alisema Bi Sumie.

Yasuji aliingia jikoni, akafungua bomba bila sababu. Wameishi pamoja tangu ujana. Wamelea mtoto, wamezika wazazi. Na mkewe hana wa kumwambia. Liliuma neno hilo, na liliuma zaidi kwa sababu alijua hakusema kwa kumkomoa. Alisema lililo kweli.

Alipofunga bomba, ndipo akazisikia. Kelele ndogo, nyingi, za kugombana. Zilitoka ng'ambo ya ukuta, kwa Mwalimu Itsuko.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mwalimu Itsuko Hayami alifundisha biolojia shule ya sekondari mpaka akastaafu. Bustani yake Yasuji aliiita msitu. Majani yalifika magotini. Kona moja kulikuwa na rundo la matawi yanayooza, na mwalimu alilipita kila siku bila aibu. Majani yake makavu yaliruka ukuta, yakaangukia kokoto za Yasuji, na Yasuji aliyaokota moja moja huku akinong'ona. Miaka mingi hawakuwa wamezungumza zaidi ya habari ya asubuhi na habari ya jioni.

Basi Yasuji alivaa koti, akanunua sanduku la keki za maharage, akaenda kugonga mlango wa msituni.

Mwalimu Itsuko alifungua akiwa na udongo mpaka kwenye paji la uso. Alilitazama lile sanduku, akamtazama Yasuji.

"Bwana Kanbe," alisema. "Kama ni majani yangu, safari hii ni upepo wa kaskazini. Umshitaki huyo."

"Si majani, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu." Yasuji aliinama. "Nimekuja kuuliza habari za shomoro."

Alimwambia yote, hata lile la hakuna wa kumwambia. Hakukusudia kulisema, lilitoka tu. Mwalimu Itsuko hakucheka. Aliliweka sanduku juu ya kabati la viatu, akavaa ndala, akasema twende nikaone.

Walimkuta Bi Sumie sebuleni. Mwalimu alimsalimu, akaomba ruhusa, akafungua mlango wa baraza. Wote watatu wakasimama kutazama ile bustani nyeupe isiyo na doa.

"Nzuri," alisema mwalimu. "Nzuri sana. Inanikumbusha kaburi la tajiri. Na wewe makaburi unayajua, Bwana Kanbe, ndiyo kazi yako."

Bi Sumie alitoa sauti puani. Kilikuwa kicheko. Yasuji hakuwa amekisikia siku nyingi, kwa hiyo hakuweza kukasirika hata alipotaka.

Mwalimu Itsuko alishuka bustanini, akachokonoa kokoto kwa ncha ya ndala mpaka nailoni nyeusi ikaonekana. Akaanza kueleza kama yuko darasani. Shomoro, alisema, haishi kwa wali. Wali ni kitafunio. Shomoro mkubwa hula mbegu za majani, yale yale yanayoitwa magugu. Na shomoro haogi maji tu, huoga vumbi. Hujigaragaza kwenye mchanga mkavu ili kutoa chawa kwenye manyoya. Hapa hakuna mbegu, hakuna vumbi. Kuna kokoto.

"Na hii mikamelia unaipiga dawa?" aliuliza.

"Kila wiki," alisema Yasuji, na safari hii hakulisema kwa fahari. "Kuna viwavi wenye manyoya. Wanawasha."

"Wanawasha kweli. Hao hata shomoro hawawataki. Lakini dawa haiulizi mdudu jina. Inaua wote, na kiwavi laini wa kijani, na chawa wa majani, na buibui. Kinda la shomoro halijui kula mbegu, Bwana Kanbe. Hulishwa wadudu. Pasipo wadudu, makinda hufa kiotani, na wazazi hawarudi mahali palipowaulia watoto."

Yasuji alikaa kwenye ukingo wa baraza.

"Sasa niwaache viwavi wamwashe mke wangu?"

"Nani kakwambia uwaache? Viwavi wenye manyoya wakitoka mayaini hukaa pamoja, wamejipanga chini ya jani moja kama watoto kwenye mkeka. Chunguza chini ya majani majira ya kuchipua, chunguza tena kiangazi kikikaribia kwisha. Vaa glavu na mikono mirefu. Likate tawi taratibu, litie kwenye mfuko, ufunge. Umeondoa wabaya, wengine wamebaki. Mimi nafanya hivyo na sijawahi kujikuna."

Kisha akainua uso kutazama paa. Aliuliza walikuwa wanalala wapi, wanataga wapi. Yasuji alisema hajui. Kwenye miti, pengine.

Halafu mkongojo wa Bi Sumie ukainuka, ukanyooka juu, ukasimama kwenye ukingo wa paa, juu kabisa ya mlango wa baraza.

"Pale," alisema. "Walikuwa... pale."

Yasuji alitazama. Pale palikuwa na kigae kipya na kizibo kipya, kimebana vizuri, asipite hata sisimizi. Akakumbuka siku ya mafundi. Akakumbuka mkono ulioshika shati lake, na mkongojo ulionyooka vile vile kama sasa. Akakumbuka redio.

"Ulitaka kuniambia," alisema.

Bi Sumie alimtazama. Hakuwa na hasira. Aliitikia kwa kichwa.

"Nikakufungia mlango." Yasuji alisema hivyo akilitazama tundu lililozibwa. Mwalimu Itsuko, ambaye ana ulimi mkali lakini si mtu mbaya, akajifanya anachunguza mikamelia.

Baadaye mwalimu aliwaambia kwamba si wao peke yao. Nyumba mpya za siku hizi hazina tundu hata moja. Bustani zimekuwa maegesho ya magari. Ndiyo maana shomoro wanapungua mijini, si kwa sababu ya mtu mmoja mbaya, ila watu wengi wasafi. Wale waliobaki wamejibana kwenye msitu wake, lakini hata kwake paa ni la bati lisilo na nafasi, wanalala tu kwenye kichaka. Wakipata mahali pa kutaga, watakuja.

"Niwaite mafundi wazibue?" aliuliza Yasuji.

"Usibomoe paa, mvua itaingia. Watengenezee kijumba cha mbao. Tena sasa hivi, kabla ya baridi kukolea, ili wakizoee."

Kesho yake Yasuji aliondoa kokoto na nailoni kwenye nusu ya bustani. Ile nusu nyingine, ya kupita Bi Sumie na mkongojo wake, aliiacha. Chini ya upenu, mvua isipofika, alimwaga mchanga mkavu. Alitupa chupa ya dawa mahali panapokusanywa takataka za sumu. Hayo yote yalikuwa rahisi. Kijumba ndicho kilichomtoa jasho.

Mwalimu alimpa vipimo. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko sarafu ya yeni mia tano, kama sentimita tatu. Likizidi, ataingia kwezi, ndege mkubwa zaidi, naye atawafukuza. Kusiwe na kijiti cha kusimamia mbele ya tundu, maana hicho kinamfaa kunguru. Mbao zisipakwe rangi ndani. Sakafuni kuwe na vitundu vidogo vya kutolea maji.

Yasuji alifanya kazi mpaka mgongo ukamuuma. Mbao hakuzizoea, lakini msasa ulikuwa rafiki yake. Alisugua nje, akasugua ndani, akasugua mpaka mbao zikawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Akakipeleka kwa mwalimu, amekishika kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi.

Mwalimu aliingiza kidole tunduni, akapapasa. "Bwana Kanbe, makinda watatokaje humu?"

"Kwa mlango."

"Mlango uko juu, wao wako chini. Wanapanda ukutani kwa kucha. Kwenye ukuta wako huu hata mjusi atateleza. Ndani panatakiwa pawe na mikwaruzo. Paharibu."

Yasuji alirudi nyumbani. Alikaa barazani na ubao wa mbele wa kijumba mapajani. Alichukua tindo yake ya zamani, ile ndogo, akaiweka juu ya ubao, akashindwa. Maisha yake yote hakuna aliyemwambia aharibu kazi. Mkono ulikataa.

Bi Sumie alikuwa akimwangalia kutoka ndani. Alikuja, akakaa kando yake, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mimi," alisema.

"Utajikata, mama Rie. Tindo hii kali, na mkono huo hujauzoea..."

"Mimi," alisema tena, na akangoja.

Yasuji alimpa tindo. Akamshikia ubao usicheze. Bi Sumie alikwaruza mstari wa kwanza, ukaenda upande. Akakwaruza wa pili, ukakata wa kwanza. Hakuna mstari ulionyooka, na hakuna uliofanana na mwenzake. Alikwaruza mpaka ubao wote ukawa na makovu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mwanafunzi anayeandika. Mara nyingi Yasuji alitaka kuushika ule mkono auongoze. Badala yake aliushika ubao kwa nguvu zaidi.

Mwalimu Itsuko alipopapasa safari ya pili alisema, "Haya sasa. Hii ni kazi ya fundi." Yasuji akamwambia fundi ni nani.

Walikitundika chini ya upenu, juu, mbali na nguzo ambayo paka angeweza kuparamia, na mahali ambapo jua la jioni halichomi. Kisha wakangoja. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba huenda mwaka wa kwanza asije mtu. Yasuji alitaka kuweka wali ndani ya kijumba ili kuwavutia, akakatazwa. Alitaka kusogea achungulie, akakatazwa. Mwalimu alisema kazi yake sasa ni kukaa, na kwa Yasuji hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuchonga taa ya mawe.

Bi Sumie akaanza kufungua tena mlango wa baraza. Alikaa amevikwa koti zito, akatazama juu. Mwanzoni hakusema kitu. Halafu asubuhi moja ya baridi kali, shomoro mmoja alitua juu ya paa la kijumba. Akaangalia huku, akaangalia kule, akachungulia tunduni, akaondoka. Kesho yake alikuja na mwenzake.

"Baba Rie," Bi Sumie aliita. "Wamekuja... kukagua nyumba."

Yasuji alikuwa jikoni. Aliyahesabu yale maneno kichwani, akakaa chini sakafuni palepale, akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Miti ilipochipua, shomoro walikuwa wanaingiza nyasi kavu, manyoya, hata uzi mwekundu uliotoka kwenye sweta la Yasuji. Kwenye ile nusu ya bustani iliyofunuliwa, majani yalikuwa yameota, na Yasuji aliyapita akitazama pembeni ili asiyang'oe. Chini ya upenu, mchanga ulikuwa na vishimo vya wanaooga. Majani ya mikamelia aliyachunguza kwa glavu, akapata jani moja lenye watoto wa viwavi wenye manyoya, akalifunga kwenye mfuko. Viwavi laini wa kijani aliwaacha, na kila siku aliwaona wakipita juu, mmoja mmoja, mdomoni mwa shomoro. Kijumba kilikuwa kinapiga kelele za makinda. Dada Orie alikuja na kukuta mwanafunzi wake barazani akiwasimulia ndege jinsi Rie alivyoanguka mtoni utotoni. Alifunga vifaa vyake, akasema leo somo linaendelea lenyewe.

Basi ikafika asubuhi moja ya jua. Yasuji alikuwa anatoka na chai. Alipotazama chini, aliona kinda la shomoro katikati ya kokoto. Mkia mfupi, mdomo wenye njano pembeni, limejikunyata, halisogei.

Aliweka chai, akakimbilia ndani, akatoka na sanduku la viatu na taulo. Alishajua atalilaza wapi na atalilisha nini.

"Mwache," alisema Bi Sumie.

"Ameanguka, mama Rie. Paka akija je?"

"Hakuna... paka. Mwalimu alisema... tusiokote. Mama yake... yuko pale." Mkongojo ulielekea kwenye ua. Kweli shomoro mkubwa alikuwa juu ya mkamelia, akiita, kiwavi wa kijani ananing'inia mdomoni. "Hakuanguka. Anajifunza."

Yasuji hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikia maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alikumbuka pia kwamba mwalimu alikuwa amewaeleza. Kinda lenye manyoya likiwa chini halijapotea, liko shuleni, wazazi wako karibu, na ukilipeleka nyumbani umeliiba. Likiwa hatarini, linyanyue uliweke kwenye kichaka cha jirani, basi. Alikaa barazani, akaweka sanduku kando, akakalia mikono yake yote miwili.

Kinda liliruka likaanguka. Likaruka likaanguka tena. Yasuji aliguna kila lilipoanguka kama anayeanguka ni yeye. Shomoro mama alishuka, akalionyesha kiwavi, akaruka naye kurudi juu. Kinda likamtazama, likajinyoosha, likapiga mbawa kwa fujo, likafika kwenye tawi la chini la mkamelia. Likakaa pale likiyumba, likalishwa.

Yasuji alipumua. Kando yake Bi Sumie alikuwa ameshika mkongojo na anainuka. Kikombe cha shaba kilikuwa ndani, mbele ya picha ya mama mkwe, na wali wake ulikuwa umeshapoa. Yasuji alichomoa mikono, akanyanyuka nusu ili akauchukue yeye.

Bi Sumie alimgeukia. Alimtazama kwa upendo, na kwa uchovu kidogo wa mke wa miaka mingi.

"Na mimi," alisema, "najifunza."

Yasuji akakaa.

Alimsikia mkewe akienda polepole kwenye sakafu ya mbao. Alisikia kengele, alisikia bomba, alisikia kitu kikigonga beseni na mkewe akikilaani kwa neno ambalo Dada Orie hakumfundisha. Bi Sumie alirudi na kikombe katika mkono wake wa kulia, ule mzito, na kikombe kilikuwa kinatetemeka. Nusu ya wali ilimwagika barazani kabla hajafika kwenye jiwe. Yasuji hakuokota hata punje. Shomoro walishuka kutoka kwenye ua, wakaja mpaka miguuni pao, na Bi Sumie akaanza kuwaambia habari za siku.